Paka Mgeni Mwenye Mimba: Saa za Kungoja na Saa za Kukimbia

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani

Barua za karibuni zimefuatana kwa jambo moja. Msomaji amempokea paka jike wa mtaani, au amekabidhiwa na jirani amtunze kwa muda mpaka apatikane mwenyeji wa kudumu, na hazipiti siku nyingi kabla tumbo halijaanza kuonekana. Tumezikusanya barua hizo hapa. Paka wengi huzaa bila kusaidiwa na mtu. Kazi ya mlezi ni kuandaa mapema, kukaa pembeni, na kuzijua kwa saa na dakika zile dalili zinazoonyesha kuwa subira imekwisha.

SWALI: Salaam alaykum. Kina mama wa mtaani kwetu wamenikabidhi paka aliyeokotwa sokoni, nimtunze mpaka apate mtu. Tumbo limejaa na chuchu zimekuwa nyekundu, lakini hakuna anayejua alipandwa lini. Nitajuaje zimebaki siku ngapi? Na inawezekana isiwe mimba? — Bi. M. S., Tanga

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, Bi. M. Paka wengi hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, na anayezaa siku ya 60 au ya 69 naye yuko sawa. Kwa kuwa tarehe haijulikani, ni mwili wake utakaokuambia. Chuchu huvimba na kuwa za waridi kwenye wiki ya 3. Tumbo huonekana wazi kuanzia wiki ya 5. Kuanzia wiki ya 7, akiwa amelala ubavu na ametulia, ngozi ya tumbo hucheza hapa na pale. Hao ni watoto wanaojigeuza. Ukishaona hivyo, hesabu wiki mbili au pungufu. Matiti yakijaa, manyoya yakapungua kuzunguka chuchu na paka akaanza kuchunguza makabati na mivungu ya vitanda, zimebaki siku chache. Usizikamue chuchu kutafuta maziwa. Kuna paka wanaopata maziwa wiki nzima kabla ya kuzaa, na wengine hawana hata tone mpaka uchungu uanze.

Usimbonyeze tumbo pia. Daktari wa mifugo anaweza kuwapapasa watoto kati ya siku ya 20 na ya 30 hivi, wakati kila mmoja ni kinundu cha duara kinachojitenga na mwenzake. Baada ya hapo nafasi hubana na vidole havitofautishi tena. Ultrasaundi huonyesha mapigo ya moyo kuanzia siku ya 25 hivi, lakini si nzuri kwa kuhesabu. Kwa hesabu tegemea eksirei ya wiki ya mwisho, mifupa ikiwa imekomaa: daktari huhesabu vichwa na uti wa mgongo. Idadi hiyo ina thamani kubwa siku ya kuzaa, maana utajua kama kazi imekwisha au bado. Kwa kawaida huwa watoto 3 hadi 5.

Na ndiyo, inawezekana isiwe mimba. Minyoo mingi, maji tumboni na usaha ndani ya kizazi huvimbisha tumbo vilevile. Paka mwenye tumbo kubwa huku mgongo umekonda na mifupa inahesabika, asiye na hamu ya kula, au anayetokwa na uchafu wenye harufu ukeni, apelekwe kwa daktari wiki hii hii. Mwambie daktari tangu mlangoni kwamba huenda ana mimba. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, hasa ya panleukopenia (ugonjwa hatari wa virusi wa paka), hazitolewi kwa paka mwenye mimba kwa sababu huharibu ubongo mdogo, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayoongoza mwendo, wa watoto waliomo tumboni.

SWALI: Huyu niliyempokea anakula ugali na dagaa, na jioni namwekea kikombe cha maziwa. Jirani ananishauri nimpe na vidonge vya kalisi ili mifupa ya watoto iwe imara. Nifanye nini? — A. K., Likoni, Mombasa

JIBU: Kalisi acha kabisa. Mwili wa paka una utaratibu wake wa kutoa kalisi kwenye mifupa pale maziwa yanapoanza kutoka. Ukimjaza vidonge wakati wa mimba, utaratibu huo unalala, na baada ya kuzaa kalisi ya damu inaweza kushuka ghafla: paka anahema, anatembea kwa kukakamaa, misuli inatetemeka, kisha anaingia kwenye degedege. Hali hiyo hutokea zaidi katika wiki 4 za kwanza za kunyonyesha, na ni ya kumkimbiza kwa daktari saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na paka anayeharisha hupoteza maji anayoyahitaji. Mpe maji safi, bakuli mbili, moja mbali na chakula.

Dagaa ni wazuri, ila ugali hauna kazi kubwa kwa mnyama anayeishi kwa nyama. Punguza ugali uwe robo ya sahani au pungufu. Dagaa wa chumvi loweka, mwaga maji, kisha chemsha kwa maji mapya. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo pika. Na mchuzi wa kuchemshia usiumwage, kwani taurini, ambayo paka hawezi kuishi bila kuipata kwenye chakula, huyeyukia humo. Maini yawe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, maana vitamini A ikizidi hudhuru watoto tumboni. Utumbo wa kuku uliopikwa unafaa, mifupa iliyopikwa haifai. Kama mfuko unaruhusu, chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa paka ndicho bora kuliko vyote, tangu sasa mpaka watoto waache kunyonya.

Kiasi: wiki za mwisho anahitaji karibu mara moja na nusu ya chakula chake cha kawaida, lakini tumbo lake halina nafasi, hivyo gawanya katika milo midogo 4 au 5. Akishazaa, mahitaji hupanda hadi mara mbili au tatu. Hapo usimpimie, sahani isikauke.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema paka aondoke leo, la sivyo mtoto wetu ataharibika. Paka mwenyewe anakaribia kuzaa. Nimtupe wapi? — J. M., Dodoma

JIBU: Usimtupe, na mama mkwe mheshimu, kwa sababu hofu yake ina msingi. Kimelea kiitwacho toxoplasma kinaweza kudhuru mtoto aliye tumboni ikiwa mama ataambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Kimelea hicho hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, kwa kawaida kwa wiki 1 hadi 3 za maisha yake tu, na kinyesi kikitoka hakiambukizi papo hapo: kinahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila siku bila kuruka, hatari hupungua sana. Kazi hiyo ni yako, ndugu, si ya mkeo. Mchanga wote umwagwe kwenye shimo na chombo kisuguliwe kwa maji yanayochemka.

Watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani kuliko kwa kumshika paka. Mkeo akilima mchicha avae glavu, kachumbari ioshwe vizuri, na mishikaki iive mpaka ndani. Paka naye asipewe nyama mbichi wala asiwinde nje. Kliniki ya wajawazito waelezeni kwamba mna paka. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mama alishawahi kupata maambukizi hayo zamani.

Jambo jingine ambalo mama mkwe hakulitaja: paka wa mtaani akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama paka ataugua.

SWALI: Nimemtengenezea boksi, halali humo. Anataka kabati la nguo. Na kwetu siafu ni wengi msimu huu. Boksi liwe vipi na liwe wapi? — Mama Z., Kilosa, Morogoro

JIBU: Mahali ni muhimu kuliko boksi. Chagua chumba ambacho watu hawapitipiti, chenye kiza kidogo, kisicho na paka wengine wala mbwa. Dume hasa afungiwe mbali, maana wapo wanaoua watoto. Paka mgeni anapaswa kutengwa na paka wenu kwa wiki 2 hivi kwa ajili ya magonjwa hata kama hana mimba, kwa hiyo chumba hicho kinatimiza mambo mawili.

Katoni ya sentimita 60 kwa 40 inatosha. Iache na kifuniko, ukate mlango upande mmoja, kizingiti kikiwa cha sentimita 12 hadi 15: mama aruke kwa urahisi bila kukwaruza tumbo, watoto wasitoke. Chini weka magazeti tabaka nene, juu yake kanga kuukuu zilizofuliwa bila manukato. Taulo lenye nyuzi za vitanzi na kitambaa kinachofumuka usitumie. Kucha za watoto hunasa, na uzi ukizunguka mguu hukata damu. Andaa kanga 4 au 5 za kubadilisha. Chombo cha mchanga kiwe chumbani humo, mbali na chakula.

Halali humo kwa sababu boksi halina harufu yake. Kitandike kitambaa anacholalia sasa, na umwekee chakula jirani na mlango wa boksi. Weka boksi la pili kona nyingine, chini ya kitanda. Kabati lifungwe kwa ufunguo, lakini akikataa yote mawili na kujichagulia kona yake, hamishia matandiko huko alikochagua. Kulazimishana naye siku ya uchungu kunaweza kusimamisha uchungu.

Sasa siafu. Hawa wamemaliza uzao mzima wa paka usiku mmoja katika nyumba nyingi, kwa kuwa wachanga hawaoni na hawawezi kukimbia, na damu na maziwa vinaita. Boksi likae juu ya meza fupi au benchi, kila mguu ukisimama ndani ya kopo lenye maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili siafu wasielee juu yake. Benchi lisiguse ukuta, kanga isining'inie hadi sakafuni. Makopo yajazwe kila jioni. Mafuta ya taa usimwage karibu: paka atayakanyaga, atajilamba, na mvuke wake unaunguza mapafu ya wachanga. Baada ya kuzaa ondoa matandiko yenye damu usiku uleule. Msafara wa siafu ukiingia nyumbani, beba boksi lote pamoja na mama, utoke. Kuwafukuza utarudi baadaye.

Joto: Kilosa hamna shida, na pwani tatizo ni joto kuzidi. Wanaotuandikia kutoka Njombe, Lushoto au Limuru waweke chupa ya maji ya moto, si yanayochemka, iliyofungwa kwa kitambaa, upande mmoja tu wa boksi, ili mtoto aweze kuikimbia. Wiki ya kwanza kiota kinatakiwa kuwa na nyuzi 29 hadi 32. Watoto wakirundikana na kulia wana baridi. Wakitawanyika na kuhema wana joto.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka wa kulea, daktari wetu anasema ni wiki hii. Naomba mnieleze saa kwa saa: nitaona nini, nifanye nini, na ni wakati gani nimkimbize hospitali. Naishi peke yangu na sijawahi kuona paka akizaa. — N., mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hili tutalijibu kwa urefu.

Anza leo, kabla ya uchungu. Piga simu kwa madaktari wawili na uwaulize maswali matatu: je, mnafanya upasuaji wa kuzalisha paka, mnapokea usiku, na bei ni kiasi gani. Madaktari wengi wa mifugo wa wilayani kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila mmoja ana vifaa vya paka. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo; walio Nairobi wana kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Tafuta na dereva wa bajaji au teksi atakayepokea simu saa nane za usiku. Kikapu cha kumbebea, chenye mfuniko, kiwe tayari.

Pembeni weka: taulo dogo 4, uzi wa kushonea uliochemshwa, mkasi uliochemshwa, ayodini, mizani ya jikoni inayosoma gramu, daftari na saa. Daftari ndilo kifaa muhimu kuliko vyote. Usiku wa manane dakika 10 huonekana saa nzima, na saa nzima huonekana dakika 10. Daktari akikuuliza, msomee ulichoandika.

Kipimajoto: joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, na kwa wengi hushuka chini ya 37.8 katika saa 12 hadi 24 kabla ya uchungu. Hupimwa kwenye njia ya haja kubwa. Kama ni paka wa mtaani ambaye bado anakuogopa, achana nalo. Hofu utakayomtia ina hasara kuliko faida ya kujua.

Hatua ya kwanza haionekani sana. Anakataa chakula, anaingia na kutoka kwenye boksi, anachakura kanga, anajilamba nyuma, anahema, pengine anakoroma kwa nguvu au kukufuata akilia. Huchukua saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza inaweza kufika saa 24. Kama ni wa kukufuata, kaa naye chini, kimya. Kama ni wa kujificha, toka, mlango uachwe wazi kidogo, uchungulie kila baada ya dakika 20. Usiite majirani waje kutazama. Paka anayeshtuliwa anaweza kusitisha uchungu kwa saa nyingi.

Hatua ya pili ni kusukuma. Utaona tumbo likijikaza kwa mawimbi na mgongo ukipinda. Andika saa. Mtoto wa kwanza hutoka kwa kawaida ndani ya dakika 30. Kwanza huonekana chupa, yaani ule utando wenye maji, kisha kichwa au miguu ya nyuma na mkia. Wengi huogopa wakiona miguu inatangulia, lakini karibu watoto 4 kati ya 10 wa paka huzaliwa hivyo, na ni kawaida. Mama hupasua utando kwa meno, humlamba mtoto mpaka alie, hukata kitovu na kula kondo la nyuma. Mwache. Hesabu makondo: kila mtoto na lake, ingawa huweza kuchelewa na kutoka mawili pamoja baada ya mtoto anayefuata. Akishakula mawili au matatu, yaliyobaki yaondoe taratibu, kwani yakizidi humharisha. Watoto hupishana kwa dakika 10 hadi saa moja.

Wewe uingilie kati pale tu mama anapomwacha mtoto ndani ya utando. Mpe dakika moja. Asipoanza, pasua utando puani kwa vidole safi, futa mdomo, mshike kichwa kikielekea chini kidogo na umsugue mgongoni kwa taulo, kwa nguvu kiasi, mpaka alie. Endelea hata dakika 20 kabla ya kukata tamaa. Usimrushe wala kumzungusha hewani, mtindo ambao bado watu wanafundishana, huumiza ubongo. Kitovu kisichokatwa funga kwa uzi sentimita 3 kutoka tumboni, funga tena mbele kidogo, kata katikati, pakaa ayodini. Usikivute kamwe kutoka upande wa tumbo. Kisha mrudishe kwa mama, kwenye chuchu. Maziwa ya mwanzo yana kinga ambayo utumbo wa mtoto huweza kuinyonya kwa karibu saa 16 za kwanza tu.

Nyanyua simu na utoke nyumbani ukiona lolote kati ya haya. Anasukuma kwa nguvu kwa dakika 30 na hakuna mtoto. Sehemu ya mtoto imeonekana na imekwama kwa dakika 10. Anasukuma kidogokidogo kwa saa 2 bila mafanikio. Damu mbichi inatiririka zaidi ya dakika 10. Maji ya kijani kibichi au yenye harufu mbaya yanatoka kabla ya mtoto wa kwanza, ishara kwamba kondo limeachia na mtoto anakosa hewa. Au paka amelegea, ufizi umekuwa mweupe, hainui kichwa. Siku 70 zikipita bila uchungu, kwa anayejua tarehe, naye aonwe.

Sababu za kukwama ni mtoto mkubwa au aliyekaa vibaya, nyonga iliyowahi kuvunjika na kuunga kombo, jambo la kawaida kwa paka waliogongwa na pikipiki, au kizazi kilichochoka. Ndiyo maana hatukushauri kabisa kununua sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kwenye duka la dawa za mifugo na kumchoma mwenyewe, hata muuzaji akisema ndiyo wanayotumia kwa ng'ombe. Ikiwa njia imeziba, kizazi kitajikaza dhidi ya ukuta, na kinaweza kupasuka. Dawa hiyo ina mahali pake, mikononi mwa aliyekwisha kuangalia kilichozuia. Na paracetamoli ya kutuliza maumivu usimpe hata kipande: kidonge kimoja huua paka.

SWALI: Amezaa wawili saa mbili usiku, sasa ni asubuhi na bado tumbo ni kubwa. Ametulia, ananyonyesha, amekula. Wamebaki ndani? — P. W., Nakuru

JIBU: Inawezekana. Paka anaweza kupumzika katikati ya uzazi kwa saa 12 hadi 24, mara chache hadi 36, kisha akaendelea na kuzaa watoto wazima. Ametulia, ananyonyesha, anakula, hasukumi, hana harufu: hizo ni dalili njema, na hapo ndipo ile eksirei ya kuhesabu ingekuokoa na mashaka. Mpeleke leo ikiwezekana, na watoto wawe naye kwenye kikapu. Akianza kuhangaika, kusukuma bila kuzaa, kukataa watoto, au joto likifika nyuzi 39.5, usingoje leo iishe.

SWALI: Watoto wana siku 3, wanne. Mama ana viroboto wengi. Nina unga wa dawa wa kupulizia mbwa. Pia mama amewahamisha mara mbili kwa kuwabeba shingoni. Anawatesa? — Bw. H. A., Unguja

JIBU: Unga huo urudishe ulikoutoa, Bw. H. Dawa nyingi za mbwa za viroboto zina permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Paka hutetemeka, hupata degedege na hufa, na wachanga hupata sumu kwa kunyonya na kulala juu ya manyoya yake. Soma pakiti, na hata kama haina neno hilo, isiyoandikwa kuwa ni ya paka anayenyonyesha usitumie. Chukua chanuo la meno ya karibu, mchane mama mara mbili kwa siku, na kila ukipata kiroboto kitumbukize kwenye bakuli la maji ya sabuni. Badilisha kanga kila siku, zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Watoto wachanwe kwa mkono mwepesi, wasiogeshwe. Ufizi wa mtoto ukipauka, viroboto wanamnyonya damu kuliko anavyoitengeneza. Aonwe na daktari siku hiyo. Sakafu usafishe kwa maji na sabuni. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji ni sumu kwa paka.

Kuhusu kuwahamisha, hawatesi. Anatafuta pahala pasipo na macho ya watu, au kiota kinanuka. Punguza wageni, badilisha matandiko, na umwachie alipochagua kama ni salama.

Muda huu mizani ndiyo rafiki yako. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 90 hadi 110 na anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku, akifikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kwenye wiki ya 2. Pima kila asubuhi, andika. Asiyeongezeka kwa saa 24 msogeze kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, huku wanene wakisubiri. Anayepungua siku ya pili mfululizo ni mgonjwa. Ukimkuta amepoa, mpashe joto kifuani mwako taratibu kwanza, saa nzima ikibidi, ndipo umlishe. Tumbo la mtoto aliyepoa halisagi maziwa, na yanaweza kumwua. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 3, kila baada ya wiki 2, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Mama atokwe na uchafu wa kahawia-nyekundu mpaka wiki 3, ni sawa, ila ukinuka si sawa.

SWALI: Watoto wana wiki 4 na dume limeanza kulia dirishani. Anaweza kushika mimba tena akiwa bado ananyonyesha? Na lini nitawatoa? — E. L., Arusha

JIBU: Anaweza kabisa. Kunyonyesha hakumkingi, na wapo wanaoanza kutafuta dume wiki chache tu baada ya kuzaa. Dirisha lifungwe kwa wavu wa chuma, si wa mbu, maana wa mbu dume hulichana usiku mmoja. Wiki hii ya 4 waanzishie watoto chakula laini kilichopondwa kwa maji ya uvuguvugu, mara 4 kwa siku, na chombo kifupi cha mchanga wa kawaida. Wakifika wiki 8 watakuwa wameacha kunyonya, lakini wape mpaka wiki 10 au 12 kabla ya kuondoka. Hizo za ziada ndizo wanazojifunzia kwa mama na ndugu zao kutong'ata. Mama afungwe kizazi maziwa yakishakauka, wiki 2 hivi baada ya kuachisha. Weka miadi na daktari sasa hivi, na usimkabidhi kwa mwenyeji wake mpya kabla ya upasuaji huo, hata akiahidi kuufanya mwenyewe. Watoto nao, majike kwa madume, wafanyiwe wakifika miezi 4, kwa kuwa jike wa miezi 4 hadi 6 tayari anaweza kubeba mimba, hata kutoka kwa kaka yake.